Maji Yanapomtuliza Mtoto: Wazazi Wetu Wanasemaje?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa asili ya kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyewapenda watoto na kuwabusu mbele za watu.

Ndugu wasomaji, wiki hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa miezi kadhaa limekuwa likirudi barazani, katika vikao vya kina mama, na hata mlangoni mwa chuo baada ya watoto kuruhusiwa. Nalo ni hili la kumtibu mtoto kwa maji. Makusudio yake ni kumwingiza mtoto majini kwa utaratibu, akiwa mikononi mwa mtu mzima, ili atulie, ajiamini, azoee kukaa na watu na ajifunze kuitawala hofu na hasira yake. Baadhi ya wazazi wamelisikia kwa mtabibu wa viungo hospitalini, wengine kwa jamaa zao walio ng'ambo. Wapo waliolipokea kwa matumaini makubwa, na wapo wasiotaka hata kulisikia. Tumewasikiliza hawa na hawa, na leo twayaleta maneno yao mbele yenu.

Kosa letu chuoni

Kabla ya kuyataja maoni ya wengine, yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa kiume wa miaka saba. Watoto wakisoma kwa pamoja na sauti zikipanda, yeye huziba masikio kwa viganja, hujikunja, kisha huinuka akakimbilia nje. Akiitwa jina haitiki. Akishikwa mkono hupiga ukelele. Sisi, kwa uchache wa ilimu yetu, tulidhani ni utovu wa adabu uliotokana na kudekezwa. Tukamwita mama yake, tukamwambia amkalishe nyumbani mpaka akili imkomae. Mama hakujibu neno. Alimfunga mwanawe vifungo vya kanzu, akamshika mkono, wakaenda zao.

Baadaye tukaja kujua kuwa mtoto yule ana usonji. Yaani ubongo wake hupokea sauti, mwanga na mguso kwa namna isiyokuwa ya wengi. Zile sauti ambazo kwetu ni kisomo, kwake zilikuwa kama nyundo masikioni. Hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa akiumia, na sisi tukamfukuza kwa kuumia kwake.

Mama hakukata tamaa. Kwa ushauri wa mtabibu wa viungo, alianza kumpeleka pwani baada ya sala ya alfajiri, siku ambazo bahari ni shwari, akifuatana na ndugu yake wa kiume ambaye ni mvuvi. Wiki ya kwanza mtoto hakutaka kupita pale maji yanapofika vifundoni, nao hawakumlazimisha. Wiki ya tatu alikubali kukaa kifuani mwa mjomba wake, maji yakimfika mabegani. Kisha siku moja mtoto alimwelekea mama yake, akapuliza maji yakatoa mapovu, akamtazama usoni na kucheka. Mama atwambia hakuwa amewahi kumwona mwanawe akicheka huku akimtazama mtu machoni.

Tulipomuuliza kama maji yamemponya, alitikisa kichwa. Akasema mwanawe ni yule yule. Aliyebadilika ni yeye mama, kwa kuwa majini ndiko alikojifunza kumngoja. Maneno hayo tutayarudia, kwa sababu twaona ndiyo kiini cha habari yote hii.

Asili ya tiba hii

Wapo wanaodhani ni mtindo uliozuka jana. Sivyo. Mwaka 1949, katika skuli ya Halliwick mjini London, iliyokuwa ya wasichana wenye ulemavu, mhandisi aitwaye James McMillan alianza kuwafundisha wasichana hao kuogelea. Aliitumia ilimu yake ya mwendo wa maji kufahamu namna mwili usio na uwiano unavyoelea, unavyopinduka na unavyoweza kurudi sawa. Njia yake yajulikana hadi leo kwa jina la skuli ile, na ina hatua 10.

Hatua ya kwanza si kupiga mbizi wala kurusha mikono. Ni kuizoeza nafsi ya mtoto maji: apulize, atulie, azoee kuwa mahali papya. Kuogelea kwenyewe huja mwisho. Tena kila mtoto huwa na mtu wake mmoja majini, wala havishwi maboya. Huelea kwa maji yenyewe na kwa mikono ya aliyemshika, na mikono hiyo hupunguza msaada kidogo kidogo kadiri mtoto anavyopata imani.

Ama maji yenyewe, Mwenyezi Mungu ameyapa sifa ambazo nchi kavu haina. Mtu akisimama majini hadi kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu ya uzani wake. Yakimfika shingoni, hubeba kama sehemu moja ya kumi tu. Maji pia huubana mwili pande zote, kama mkumbatio usiochoka, na wapo watoto wenye usonji ambao mbano wa namna hiyo huwatuliza. Mabwawa ya tiba huwekwa maji ya vuguvugu, aghalabu nyuzi 32 hadi 35, yakaribie joto la mwili ili misuli ilegee. Bahari yetu haifiki huko, lakini si baridi ya kudhuru: hushuka hadi kama nyuzi 25 wakati wa kusi, na hukaribia 30 kaskazi inapomalizika.

Je, wataalamu wana uhakika gani? Tafiti zilizofanywa juu ya watoto wenye usonji zatia moyo: watoto hujifunza kuogelea, na baadhi yao huboreka katika kuchangamana na wenzao. Lakini nyingi ya tafiti hizo ni za watoto wachache na za muda mfupi. Hakuna ushahidi kwamba maji huuondoa usonji au mtindio wa ubongo. Anayemwambia mzazi kinyume cha hayo amemwambia asilolijua, au amemtazama mfuko.

Wanaotumaini

Mama mmoja ana binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Kutwa nzima binti hubebwa: kitandani, chooni, mlangoni, hata kwenye tuktuk. Mama asema kuwa mtu anayebebwa kila saa huchoka roho kabla ya anayembeba kuchoka mgongo, na ndiyo sababu mwanawe alikuwa mkali, akilia ovyo na kutupa chakula. Majini, binti yule husimama. Hushikwa kiuno tu, na miguu ambayo nchi kavu haimtii humtii pale kwa dakika chache. Siku anayotoka majini hula bila ugomvi na hulala usiku kucha. Mama haoni kuwa ni muujiza. Aona mwanawe amepata mahali ambapo yeye naye aweza.

Baba mmoja, dereva wa tuktuk, alitupa sababu nyingine ambayo hatukuitarajia. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa na hofu ya kila kitu, hata ya baba mwenyewe. Mtabibu alipomtaka baba aingie majini na mtoto kila Jumapili, alikubali shingo upande. Alipokwisha kuingia akagundua jambo dogo: majini simu haishikiki. Kwa nusu saa nzima hakuwa na abiria wala ujumbe wa kujibu. Alikuwa na mtoto tu, uso kwa uso. Akatwambia kwa haya kuwa haikumbuki siku nyingine, tangu mtoto azaliwe, aliyomtazama kwa nusu saa mfululizo.

Tulipoyasikia hayo tulimkumbuka al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake, naye akajitapa kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume alimjibu kwa maana ya kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Hadithi hii twaisoma vyuoni kila mwaka. Wangapi katika sisi tuna watoto watatu au wanne, wala hatujui rangi ya macho yao wanapoogopa?

Wanaohofu

Nyanya mmoja alisikia mjukuu wake apelekwa baharini, akaja kwetu analia ili tumkataze mkwewe. Alifiwa na mtoto wake wa kiume baharini miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyepaswa kumwambia nyanya huyo kuwa hofu yake ni ujinga. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka 5. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kwa ajili ya kukumbusha hatari hiyo. Zaidi ya hayo, watoto wenye usonji wako hatarini kuliko wenzao, kwani wengi wao hutoroka bila kuaga na huvutwa na maji pasi na kuijua hatari yake. Mtoto uliyemfundisha kuyapenda maji, ukaacha kumfundisha kuyaogopa inavyostahiki na ukaacha mlango wazi, umemweka hatarini kwa mkono wako.

Tulimkumbusha nyanya kisa cha mama yake Musa (a.s.). Aliamrishwa amtie mtoto mtoni, akatii. Hata hivyo, pamoja na ahadi aliyopewa na Mola wake, alimtuma dada yake Musa amfuatilie kwa mbali asimpoteze machoni. Huko ndiko kutawakali: imani moyoni na macho kwa mtoto. Na imenasibishwa kwa Bwana Umar bin al-Khattab (r.a.) kuhimiza watoto wafundishwe kuogelea. Anayejua maji ana salama zaidi ya asiyeyajua, madhali hakuachwa peke yake.

Hofu ya pili ni ya stara, na kina mama ndio walioitaja zaidi. Mabwawa mengi ni ya mchanganyiko, na mama hawezi kuvua buibui lake mbele ya wanaume. Hili ni neno la haki, na jawabu lake si kumnyima mtoto tiba. Baba aingie na mtoto, au mjomba, au kaka mkubwa. Mahali pasipo mwanamume wa kuingia, kina mama kadhaa waweza kuungana wakaomba saa yao ya faragha bwawani, au kutafuta pwani tulivu mapema asubuhi. Twawatahadharisha hata hivyo: buibui likilowa huwa zito na humkwaza mtu miguu. Vazi la kuogelea lenye stara, jepesi na lisiloshika maji, ni bora kwa dini na kwa uhai.

Hofu ya tatu ni ya majini na pepo wa baharini. Baba mmoja alituambia kuwa mtoto wake tayari ana pepo, na kumpeleka baharini ni kumrudisha kwa wenyewe. Ndugu zangu, kuwapo kwa majini twakuamini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini mtoto anayeziba masikio, asiyeitika jina lake au anayerudiarudia mwendo mmoja, asihukumiwe kuwa ana pepo kabla hajapimwa na anayejua. Kisomo cha Qur'ani ni rehema na hatumzuii mtu. Tunalolizuia ni mtoto kupigwa, kufungwa kamba au kufukizwa moshi mpaka akakosa pumzi, kisha pakasemwa kuwa hiyo ni dini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa, na ametuhimiza tujitibu. Dua na daktari hawajapata kugombana. Wanaogombana ni watu.

Hofu ya nne ni ya mali. Baba mmoja alikopa ili alipie vikao vya bwawani kwa miezi minne, akiwa ameahidiwa kuwa mwanawe atasema. Mtoto hakusema. Alipouliza, aliambiwa aongeze vikao. Wazazi wenzetu, mtabibu mwaminifu hukwambia tangu mwanzo lengo ni lipi, vikao vingapi, na kwa alama gani mtajua kuwa mtoto ananufaika. Akiahidi kuwa ugonjwa utaondoka, funga mfuko uende zako.

Ya kuzingatia kabla ya kuingia majini

Tumekusanya kutoka kwa watabibu na wazazi mambo haya machache.

Kwanza, mtoto apimwe. Zipo hospitali za kaunti zenye watabibu wa viungo, na vipo vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vijulikanavyo kama EARC, vilivyoanza katika nchi yetu mwaka 1984. Mtoto mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, sikio linalotoa usaha au kidonda kibichi asiingie majini mpaka daktari aseme.

Pili, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na mkono usiwe mbali naye zaidi ya urefu wake. Kukaa ufukoni na kutazama hakutoshi.

Tatu, asilazimishwe. Hapa kwetu ipo mila ya kumtupa mtoto kutoka ukutani ili ajifunze kwa lazima. Wengi wetu tulijifunza hivyo, na wengine hawakurudi. Kwa mtoto mwenye hofu, kutupwa mara moja huharibu yaliyojengwa kwa mwezi mzima.

Nne, muda uwe mfupi. Dakika 10 hadi 20 zatosha kwa anayeanza. Midomo ikitetemeka, atolewe na akaushwe.

Tano, kwa watumiao bahari, wamuulize mvuvi habari za maji kujaa na kupwa, mikondo na konyeza. Siku za bamvua na siku za kusi kali si za mtoto anayejifunza.

Asiye na bwawa wala bahari

Wengi watauliza: na sisi tunaokaa mbali na pwani, au tusio na nauli? Mtoto mdogo aweza kuanza na beseni uani. Atie mikono, amimine kwa kikombe, apulize mapovu, huku mama amekaa mbele yake akimtazama. Beseni nalo lina hatari yake, kwani mtoto mchanga hufa maji katika kina cha shubiri moja. Basi asiachwe, na maji yamwagwe baada ya kumaliza.

Wazee wetu wa Lamu walikuwa na birika za maji majumbani mwao, na ndani yake waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wangapi tulinyamazishwa kilio kwa kuwekwa kando ya birika tuwatazame samaki? Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani.

Na udhu je? Mtoto anayeogopa maji usoni aweza kufundishwa udhu polepole, kiungo kwa kiungo, maji kidogo kwa kiganja cha mzazi wake. Mara tano kwa siku dini yetu yatupa nafasi ya kukaa na mtoto mbele ya maji. Aghalabu twaipitisha kwa kumharakisha na kumgombeza.

Tulivyorudi kwa yule mama

Tulipokwisha kuyajua haya, tulikwenda nyumbani kwa yule mama kumtaka radhi. Alitukaribisha kwa kahawa, akasema, "Mwalimu, mimi nimesamehe zamani. Lakini mwanangu angali ataka kusoma."

Siku hizi mtoto huja baada ya sala ya alasiri, wenzake wakiwa wamekwisha kwenda. Hukaa nasi kando ya birika la msikiti. Hutia mkono majini, huuacha humo kwa muda, nasi twangoja. Akiutoa, husoma. Siku nyingine husoma aya moja, siku nyingine hasomi kitu, na hatumgombezi. Mpaka sasa amehifadhi al-Fatiha na sura tatu fupi. Usonji hakuwachana nao: wiki iliyopita kipaza sauti kilipolia ghafla alikimbilia nje kama zamani. Ila safari hii alisimama mlangoni, akageuka kutazama kama twamfuata. Tukamfuata.

Hilo ndilo tulilojifunza kwa wazazi hawa. Maji ni neema, nayo husaidia, lakini kinachomlea mtoto majini ni kwamba mkubwa hulazimika kumshika, kumtazama na kumngoja. Hayo matatu, nchi kavu pia yawezekana.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, awape subira mama na baba zao, na atusamehe sisi walimu pale tulipowafukuza tuliowajibika kuwapokea. Amin.

Wallahu a'lam.